Weka chini hiyo pilipili! Kidole cha mwanao hakijamkosea mtu

Haya wazazi vijana, na nyie mnaojiandaa kuitwa baba na mama, wiki hii ni zamu yenu. Mambo ya mapenzi na mitindo tuyaweke pembeni kidogo, tuongelee dole gumba. Ndiyo, dole gumba lile lile linaloingia mdomoni mwa mtoto na kukaa humo kama limepanga chumba na kulipa kodi ya miezi sita.

Mtoto wa jijini akinyonya kidole, kila mtu anageuka daktari. Panda naye daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, mama aliyekaa siti ya nyuma atakwambia mpake pilipili. Shuka, muuza genge atakwambia shubiri ndiyo kiboko yao. Fika nyumbani, bibi anataka afungwe kitambaa mkononi. Na mjomba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kubadilisha nepi hata moja, anatoa hukumu: "Mchape huyo, anadeka!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza, kwani mtoto mwenyewe anatafuta nini kwenye hicho kidole?

Hilo ndilo swali langu la leo. Na nasema mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: kidole ni faraja ya mtoto, na faraja haipokonywi, inabadilishwa na nyingine. Anayepokonya anabaki na mtoto aliyejifunza kujificha.

AMEANZA KABLA HUJAMJUA

Wengi tunadhani mtoto kafundishwa na dada wa kazi, au kaiga kwa mtoto wa jirani. Wapi! Tabia hii wengine wameanza nayo tumboni. Kule Belfast, Ireland ya Kaskazini, mtaalamu mmoja aitwaye Peter Hepper na wenzake walitazama kwa altrasaundi watoto ambao hawajazaliwa. Mwaka 1991 wakaandika kwamba kuanzia mimba ya wiki 15 tayari wapo wanaoonekana wakinyonya dole gumba, na wengi wao wanachagua la kulia.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2005 walitoa taarifa ya watoto 75 kati ya wale waliowaona tumboni, ambao sasa walikuwa na umri wa miaka 10 hadi 12. Wale 60 waliokuwa wakinyonya dole la kulia, wote walikuwa wanatumia mkono wa kulia. Katika wale 15 wa dole la kushoto, 10 walikuwa mashoto. Sasa niambie, huyo dada wa kazi alipita wapi kumfundisha?

Kunyonya ndiyo kazi ya kwanza ambayo mtoto anazaliwa anaijua, kwa sababu asiponyonya hali. Na mapema sana anagundua kuwa kunyonya kunamtuliza hata pasipokuwa na maziwa. Akichoka, akiogopa, akiboreka, akisikia usingizi, anajihudumia mwenyewe. Usimcheke. Wewe ukiwa na mawazo unatafuna kucha, mwenzio anawasha sigara, mwingine anafungua simu mara ishirini kuangalia ujumbe ambao haujaja. Mtoto wa miaka miwili hana simu wala sigara. Ana kidole.

KWA HIYO TUSUBIRI MPAKA LINI?

Swali zuri. Kama mwanao hajafika miaka miwili, tulia, kunywa chai yako. Huyo usihangaike naye hata kidogo. Muoshe mikono, mkate kucha, basi.

Kati ya miaka miwili na minne watoto wengi huacha wenyewe, polepole, bila mtu kuitisha kikao. Wanaanza kucheza, kuimba, kuuliza maswali mia moja kwa saa, mdomo na mikono vinapata kazi nyingine. Unachoweza kufanya wakati huu ni kumpa hizo kazi na kuacha kukitaja kidole kila dakika. Ukikitaja sana unakipa umaarufu.

Akivuka miaka minne na bado kidole kinaingia mchana kweupe, hapo sasa unaanza kumsaidia. Sababu ni meno. Meno ya utoto ni 20, na yale ya ukubwa yanaanza kutoka mtoto akikaribia miaka sita. Ya mbele chini hutangulia, ya mbele juu yanafuata kwenye miaka saba au nane. Mtoto akiacha kidole kabla meno hayo hayajatoka, hata kama meno ya utoto yalikuwa yameanza kusogea, mara nyingi mambo yanajirekebisha yenyewe. Akiendelea nayo yakishatoka, hapo ndipo soo linapoanza.

Soo lenyewe liko hivi. Kidole kinasukuma meno ya juu yaende mbele, na kinaegemea ya chini yarudi ndani. Mtoto akiuma meno, ya mbele hayakutani, panabaki tundu ambalo ulimi unapenda kuchungulia. Mashavu yanayovutwa ndani kila saa yanabana taya la juu, kaakaa linapanda juu na kuwa jembamba. Wengine wanapata kitembe, "samaki" inatoka kama "thamaki". Darasa la kwanza likisikia hivyo, mtoto wa watu hana raha tena.

Lakini si kila mnyonyaji anapata hayo. Kinachoamua ni muda na nguvu. Kuna mtoto ambaye kidole kimepumzika tu mdomoni akilala. Na kuna anayevuta mpaka unasikia mlio kama mtu anafungua soda. Huyu wa pili ndiye wa kuangaliwa. Kikague kidole chenyewe: kama kina sugu, kimepauka na kujikunja, au ngozi pembeni ya ukucha imevimba na kuwa nyekundu, ujue kinafanya kazi ya ziada. Kikivimba na kutunga usaha, kile watu wanachokiita mdudu wa kidole, usitumbue na pini. Peleka zahanati.

Na usisahau minyoo. Watoto wetu wanacheza chini, kwenye udongo, na mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho. Mkono unaotoka mchangani kwenda mdomoni ni daladala ya bure kwa minyoo na kuhara. Sabuni na maji, kila anapotoka kucheza, kila anapotoka chooni, kila kabla ya kula. Hii ni kwa mnyonyaji na asiyenyonya.

Hapo hapo nikupe kituko. Kule Dunedin, New Zealand, wataalamu wamefuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2016 wakatoa taarifa kuhusu mzio. Walipopimwa kwenye ngozi wakiwa na miaka 13, waliokuwa hawanyonyi kidole wala kung'ata kucha, asilimia 49 walionyesha dalili za mzio. Waliokuwa na tabia zote mbili walikuwa asilimia 31 tu! Ila usikimbilie kumrudishia mwanao kidole. Kwenye pumu na mafua ya mzio hawakuona tofauti, na watafiti wenyewe hawakumshauri mtu amfundishe mtoto kunyonya. Nimekitaja ili ujue kuwa kidole si mchawi kama mnavyokisema.

SASA TUJE KWENYE PILIPILI

Nadhani najua ilikotoka. Kuna mama zetu waliopaka shubiri kwenye ziwa ili kumwachisha mtoto kunyonya, na wengine pilipili. Mtoto anaonja, anakunja uso, anakata tamaa. Basi tukasema, kama imefanya kazi kwenye ziwa, kidole nacho si hivyo hivyo?

Si hivyo hivyo. Ziwa ni la mama, akilifunika limekwenda. Kidole ni cha mtoto mwenyewe, anatembea nacho, analala nacho, na ndicho hicho anachofikichia jicho.

Nilipokuwa nimepanga Magomeni, nyumba ya uani, jirani yangu alikuwa na kijana wa miaka minne, mnyonyaji wa kupindukia. Jioni moja mama mtu akasaga pilipili, akampaka madole yote mawili. Saa nane usiku nyumba nzima tukaamka. Mtoto amelala, kidole kimeenda mdomoni, mdomo ukawaka, akalia, akafuta machozi kwa mkono ule ule. Sitaki kukusimulia ile sauti. Tulikaa naye bombani mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Na unajua nini? Kesho yake jioni nilimkuta kajibanza nyuma ya mlango wa choo cha uani, anajinyonyea vidole vya katikati, vile ambavyo havikupakwa.

Hapo pilipili imefundisha nini? Imemfundisha kwamba anapotaka kutulizwa, ajifiche na mama.

Kama umeshampaka au ameshika pilipili kwa bahati mbaya, fahamu haya. Ukali wa pilipili unakaa kwenye mafuta, maji matupu hayautoi, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni. Jicho usilitie sabuni, dawa za kubahatisha wala maziwa ya mtu. Lioshe kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano hivi, bila kulisugua. Likiendelea kuuma au kuwa jekundu, nenda hospitali.

Vitisho navyo havikuanza leo. Mwaka 1845 daktari mmoja wa Frankfurt, Ujerumani, Heinrich Hoffmann, alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Struwwelpeter. Humo kuna kijana Konrad aliyekatazwa na mama yake kunyonya kidole. Mama alipotoka, Konrad akanyonya, akaingia fundi cherehani na mkasi mkubwa, akamkata madole yote mawili. Hiyo ni hadithi ya kulalia, jamani! Zaidi ya miaka 170 imepita, Wajerumani wanaijua, na watoto wa Ujerumani bado wananyonya vidole. Kwa hiyo wewe unayemwambia mwanao kuwa polisi atakuja kukichukua kidole, unapoteza muda, na siku akipotea mjini atamkimbia polisi badala ya kumwendea.

MBINU ZINAZOFANYA KAZI

Ninazokupa hapa nimezitumia nyumbani kwangu. Binti yangu alinyonya dole la kushoto mpaka miaka mitano, na mkono wa kulia lazima ushike pindo la kanga ya mama yake. Bila kanga, hakuna kidole. Bila kidole, hakuna usingizi. Tulimaliza kazi ndani ya miezi miwili na ushee.

Kwanza, mpeleleze. Wiki nzima usiseme kitu, andika tu: ananyonya saa ngapi, akiwa wapi, anafanya nini. Sisi tuligundua ni mara tatu: akitazama katuni, akiwa kwenye gari, na akienda kulala. Ukijua saa yake, umeshajua anachokitafuta. Kwenye katuni alikuwa ameboreka mikono, kwenye gari alikuwa amechoka, na usiku alikuwa anamtaka mama.

Pili, ongea naye kama mtu. Mtoto wa miaka minne na nusu au mitano anaelewa. Mpeleke kwenye kioo, mwonyeshe meno, mwambie mapya yanakuja na yanataka nafasi. Muulize, "Tukusaidie kuacha?" Akikataa, mwache wiki mbili, umuulize tena. Asipotaka yeye, utakuwa unapigana na kidole ambacho kinalala naye kitanda kimoja.

Tatu, mpe mikono kazi. Kwenye katuni, mpe unga wa ngano uliokandwa afinyange, au mpe njegere amenye. Kwenye gari, mpe kidude cha kushika. Si lazima ununue. Mpira wa soksi kuukuu unatosha.

Nne, wekeaneni ishara ya siri. Sisi nilikuwa nikigusa sikio langu. Yeye akiona anatoa kidole, na hakuna mtu sebuleni anayejua tumeongea nini. Hii ni bora mara mia kuliko kupaza sauti mbele ya wageni, "Toa kidole!" Mtoto ana aibu zake kama wewe.

Tano, kalenda. Ile ile ya ukutani uliyopewa dukani mwisho wa mwaka. Anza na muda mdogo: wakati wa katuni tu. Akiuvuka bila kidole, anachora nyota mwenyewe kwa kalamu ya rangi. Nyota tano, anapata zawadi. Zawadi isiwe pipi, maana tutakuwa tunaokoa meno huku tunayaozesha huku. Mpeleke ufukweni Coco Beach, mwache achague hadithi, mpikie chapati anazozipenda. Siku asipopata nyota, usimfutie za jana. Nyota ikishachorwa ni yake.

Sita, usiku uache mwishoni. Akiwa usingizini hajui anachofanya, kumwadhibu ni uonevu. Mruhusu achague mwenyewe plasta ya kuzungusha kwenye dole, au soksi nyepesi ya kuvaa mkononi. Mwambie kazi yake ni kumkumbusha, hajafungwa. Na mpe mbadala wa kile anachokikosa. Binti yangu alipewa kipande cha kanga yenyewe, kimekatwa na kupindwa vizuri, akilale nacho. Mama yake akaongeza dakika kumi za kumkuna mgongo. Usingizi ukaja bila kidole kuitwa.

Dawa chungu za kupaka kwenye kucha zinauzwa kwenye maduka ya dawa. Ukitaka kutumia, muulize mfamasia inafaa umri gani, na mtoto mwenyewe awe amekubali. Ikipakwa kwa nguvu haina tofauti na pilipili.

Saba, nyumba nzima iwe na kauli moja. Baba anasifia, shangazi anazomea, dada wa kazi anachapa, hapo mtoto amfuate nani? Kazi ngumu kwangu ilikuwa kwa bibi yake. Nilimwendea kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Nakuomba mwezi huu mmoja, ukimwona na kidole usimseme, mpe kazi tu ya kushika." Akaguna. Lakini akawa anampa mchele achague mawe, wanakaa wote kwenye mkeka. Wale wawili ndio waliojaza kalenda kuliko mimi.

Na usitegemee mstari ulionyooka. Binti alipougua homa wiki ya tano, kidole kilirudi siku nne mfululizo. Tulinyamaza. Alipopona tukaendelea pale tulipoachia.

AKIRUDIA GHAFLA, TEGA SIKIO

Hapa naomba uvue miwani ya utani. Mtoto aliyeacha kidole miezi mingi halafu akarudia ghafla, mchana na usiku, huenda anakupa taarifa ambayo hana maneno ya kuisema. Jiulize nini kimebadilika. Amezaliwa mdogo wake? Mmehama? Baba na mama wanagombana usiku wakidhani watoto wamelala? Kuna msiba? Ticha wa chekechea ana fimbo? Au kuna mtu, wa nyumbani au wa jirani, anamuumiza au kumshika vibaya?

Ukiwa na pilipili mkononi hutayauliza hayo, na yeye hatakwambia. Kaa naye chini, zima redio, muulize taratibu, uwe tayari kusikia chochote. Katika kipindi kama hicho, achana kabisa na mpango wa kuachisha kidole. Kidole si ugonjwa wakati huo, ndiyo mkongojo wake.

Na kama mwanao ameshafikisha miaka sita, meno mapya yanatoka, na mbinu zote umejaribu, mpeleke kwa daktari wa meno. Si kwa ajili ya kung'olewa! Atampima, atazungumza naye, na ikilazimu anaweza kumwekea kifaa kidogo cha waya kwenye meno ya juu, karibu na kaakaa, kinachoondoa utamu wa kunyonya. Kinafanya kazi vizuri kwa mtoto anayejua kwa nini amewekewa. Kwa hiyo hata huko, mazungumzo yanatangulia.

Basi mpenzi msomaji, leo usiku kabla mwanao hajalala, kaa naye dakika kumi. Usikitaje kidole. Mkune mgongo, msikilize alivyoshinda. Kesho anza kuandika saa zake kwenye karatasi. Ile pilipili irudishe jikoni, kachumbari inaingojea.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tutaongelea wale wanaoamka na godoro limelowa. Najua mnalo, msijifanye. Kwa leo, kwaherini!